Kreti Moja, Magitaa Mawili

Jumapili, 18 Machi 1973

Mvua imeanza leo saa nane mchana, na Khamala ameanza saa tisa.

Alikuja kwa miguu kutoka Kianda, kule Kibera, amebeba gitaa lake jipya ndani ya gunia la sukari. Akalitoa uani mbele ya kila mtu: mke wangu Sella, mama mwenye ploti tunamopanga, Wamucii, na Nderitu mwenyewe, ambaye alikuwa amekuja kunionyesha gitaa lake la zamani lililopasuka mgongo. Hilo la zamani nililitengeneza mimi mwaka wa 1968. Nderitu amelipiga miaka mitano kwenye mabaa na maharusi, na kila anayemuuliza amelitoa wapi humjibu, "Kwa Shivachi, Kawangware." Yeye ndiye anayenifanya nijulikane. Bila Nderitu mimi ni fundi wa vitanda.

Basi gitaa la Khamala likatoka kwenye gunia, na lilikuwa linang'aa. Nderitu alichomoa kitana mfukoni akachana nywele akijitazama humo. Wamucii naye akainama, akaweka sawa kitambaa chake cha kichwa, akasema, "Haiya! Hii ni gita ama ni kioo?" Hata Sella alijitazama. Mke wangu wa ndoa.

Mimi nilishika shingo ya gitaa nikasema, "Si mbaya."

Wote waliangalia nyuso zao. Hakuna aliyechungulia ndani ya tundu, na mimi sikuchungulia makusudi, kwa sababu nilijua nikikuta kazi ya ndani nayo ni safi, chakula hakitashuka.

Nderitu akasema, "Mimi naingia studio mwisho wa mwezi wa sita. Shivachi, yako iko wapi?"

"Imebaki kupakwa tu."

"Basi tufanye hivi. Tarehe kumi mwezi wa sita nakuja hapa. Napiga ya Khamala, napiga yako, naenda na moja. Sawa, mafundi?"

"Sawa kabisa!" Khamala akasema, akacheka. Khamala hucheka kila mahali, hata matangani.

Jumanne, 20 Machi

Daftari hili nililinunua la kuandikia vipimo, lakini acha niandike jambo hili lisije likapotoshwa baadaye. Nyuso za magitaa haya mawili, yaani zile mbao za mbele zenye tundu, ni za ubao mmoja.

Mwaka juzi mimi na Khamala tulinunua kreti iliyokuwa imeleta mashine kutoka Ulaya. Ubao wake mmoja ulikuwa mweupe, mwepesi, nyuzi zake zimebanana na kunyooka kama zimepigwa rula. Hapa mtu akisikia mbao laini anafikiria dari na majeneza. Ule ulikuwa kitu kingine kabisa. Ukiugonga kwa kifundo cha kidole ulikuwa unajibu. Mimi ndiye niliyeupasua katikati kwa msumeno wa mkono, siku mbili nzima, kwa maana Khamala hawezi msumeno, mkono wake unayumba. Nusu akachukua yeye, nusu nikachukua mimi.

Kwa hiyo Nderitu akilichukua lake na kuliacha langu, sitaweza kusema Khamala alipata mbao nzuri. Mbao ni ile ile. Itakuwa ni mkono tu, na watu watajua ni mkono.

Alhamisi, 22 Machi

Mvua.

Jumamosi, 31 Machi

Leo nimepanga makopo matatu juu ya meza na vipande vitatu vya ule ubao vilivyobaki. Mbao laini huwezi kuiacha uchi. Jasho la mkono linaichafua, ukucha unaichimba, unyevu unaivimbisha. Lakini ukiivalisha nguo nzito inanyamaza. Kazi yote iko hapo katikati.

Kopo la kwanza ni polishi ya lakiri iliyoyeyushwa kwa spiriti. Hii tulifundishwa na yule Mgoa, Mhindi wa Goa mwenye duka la fanicha, mimi na Khamala tukiwa vijana, benchi moja. Unachukua pamba, unaifunga kwenye kitambaa iwe kibonge, unachovya kidogo, unazungusha juu ya mbao bila kusimama. Ukisimama, kibonge kinanata na kuacha kovu. Inakaa nyembamba na mbao inabaki na sauti yake. Ubaya wake ni kwamba bia ikimwagika juu yake, kwisha.

La pili ni vanishi ya mafuta. Ni ngumu, haiogopi maji, ila inakauka kwa uvivu.

La tatu ni laka ya magari, ile isiyo na rangi, ya kupulizwa kwa bomba. Hiyo inang'aa, wacha mchezo. Ni lazima hiyo ndiyo aliyotumia Khamala.

Mgoa alikuwa anapendelea Khamala, ingawa hakusema. Alikuwa akipita nyuma yetu, akifika kwangu anatazama, akifika kwake anasimama. Miaka imepita na bado nakumbuka viatu vyake vikisimama.

Jumatatu, 9 Aprili

Mgoa alikuwa na sheria moja: mvua ikinyesha, polishi haipakwi. Leo nimeivunja. Siku ya ishirini na tatu bila jua, nani angengoja?

Nilianza asubuhi, nikazungusha kibonge saa nzima, na uso wa gitaa ukaanza kupata ule mng'ao wa ndani. Nikaanza kuimba. Halafu ukaingia ukungu. Mweupe, kama maziwa yaliyomwagwa ndani ya maji, ukaenea kutoka kwenye tundu hadi ukingoni. Unyevu wa hewani ulikuwa umenaswa chini ya polishi. Nimefuta yote kwa spiriti, mbao imerudi uchi, na mimi nimerudi mwanzo.

Sella alisimama mlangoni akipepeta mchele.

"Baba Kageha, kwani Khamala alifanya aje yeye?"

Nikamuuliza kama anataka kuolewa Kianda. Akasema yeye aliuliza swali tu.

Jumamosi, 14 Aprili

Mvua. Wamucii ameniuliza lini nitatoa "ile gita ya kioo". Nikamwambia ile si yangu. Akasema, "Oh, pole."

Jumamosi, 21 Aprili

Nimejaribu vanishi kwenye kipande kimoja, nikakiweka barazani kikauke. Mvua ikakatika kidogo, jua likachungulia, na kumbikumbi wa Kawangware nzima wakatoka ardhini. Nilikuwa ndani. Nilipotoka, kipande changu kilikuwa na mabawa zaidi ya mia, yamesimama wima kwenye vanishi.

Sella na majirani walikuwa wanakimbia huku na huku na sufuria, wanacheka, wanaokota. Kwao hii ni Krismasi. Jioni nimeletewa kumbikumbi waliokaangwa na chumvi nikaambiwa nile, niache kununa. Nimekula. Walikuwa watamu, na hilo pia liliniudhi.

Jumapili, 29 Aprili

Nimekwenda Kianda baada ya kanisa. Nilijiambia naenda kuazima klampu. Klampu ninazo nne.

Chumba cha Khamala kiko juu kidogo, maji hayasimami mlangoni kama kwangu. Ana dirisha linalofunguka upande wa jua. Ana rafu, na kila patasi ina mahali pake. Nilitazama vitu hivi kimoja kimoja, na kila kimoja kilinichoma. Ningeweza kumsamehe gitaa. Dirisha lilinishinda.

"Mulembe, ndugu yangu! Keti, keti. Chai iko."

Tukanywa chai. Gitaa lake lilikuwa limening'inia ukutani, limenipa mgongo. Nikauliza kama mtu anayeuliza habari ya mvua, "Hii laka ulipulizia wapi?"

"Nyuma na ubavuni, watu wa gereji ya hapa chini walinisaidia. Lakini hapa mbele, ah-ah!" Akatikisa kidole. "Mbele hakuna laka. Hapo ni polishi ya Mgoa tu."

"Na inang'aa hivyo?"

"Nilipaka Januari, jua likiwaka. Kidogo sana, bwana. Ukiona imeanza kung'aa, wacha. Ukiongeza, unaua sauti. Si Mgoa alikuwa anatuambia?"

"Alikuwa anatuambia."

"Wewe ngoja mvua ikatike, upake kidogo. Ama ukishindwa kungoja, weka jiko la makaa karibu, ukaushe hewa kwanza. Utaona."

Akaniazima klampu ambayo sikuihitaji, akanisindikiza hadi barabarani, akanipa salamu za kumpelekea Sella na mkungu mdogo wa ndizi.

Njiani kote nimefikiria. Mtu mwenye siri hakupi siri pamoja na chai na ndizi. Khamala anataka nipake kidogo ili tarehe kumi gitaa langu lije limevaa fulana, na lake liko ndani ya suti. Ni mjanja. Amesema polishi, basi ni laka. Amesema kidogo, basi ni nyingi.

Jumanne, 1 Mei

Mvua. Ndizi zimeiva. Sijazigusa.

Jumamosi, 5 Mei

Mvua. Nimekula moja.

Jumamosi, 12 Mei

Leo nimepeleka gitaa kwenye gereji moja ya barabarani. Kijana wa rangi aliniuliza nataka mikono mingapi ya laka, yaani apulize mara ngapi. Nikamwambia mitano. Akasema, "Mitano ni ya gari, mzee." Nikamwambia apige.

Linang'aa! Nimelibeba kurudi nyumbani nikiwa nimelifunika kwa koti langu mwenyewe, mvua ikaninyeshea mimi. Nimeliweka kitandani. Najiona humo ndani hadi jino lililovunjika. Lile la Khamala ni kibakuli cha bati mbele ya hili.

Jumapili, 13 Mei

Nimemwita Wamucii aje aone. Amejitazama, ameweka sawa kitambaa. Nimefurahi siku nzima.

Jumatatu, 14 Mei

Nimetia nyuzi, nikapiga. Sella alikuwa anakuna nazi, akaacha.

"Baba Kageha, hii gita iko na mafua?"

Nikamwambia laka bado haijakauka vizuri. Kila kitu kipya kina ugeni wake.

Ijumaa, 18 Mei

Laka bado haijakauka vizuri.

Alhamisi, 24 Mei

Nimebadilisha nyuzi. Labda zilikuwa mbovu.

Jumatano, 30 Mei

Imekauka. Ilikauka siku ile ile, nilijua. Kabla ya laka nilikuwa nikiugonga uso unasema "nduuu" na kukawia kunyamaza. Sasa unasema "ta", halafu basi. Kama kugonga mlango wa mtu aliyehama.

Ubao ulioninyima usingizi miaka miwili nimeufunga mdomo mwenyewe, kwa sababu nilimsikiliza Khamala kinyume. Zimebaki siku kumi na moja. Mvua ya mwaka huu imekataa kuondoka.

Jumatano, 6 Juni

Khamala amekuja kuchukua klampu yake.

Nilikuwa nimelificha gitaa nyuma ya pazia. Sella ndiye aliyelitoa. Sijui kama alifanya makusudi, na sijathubutu kumuuliza. Alimwekea magotini akasema, "Shemeji, tazama hii mgonjwa."

Khamala akatabasamu kwa ule mng'ao. Halafu akagonga mara moja kwa kifundo cha kidole. Ta. Tabasamu likaondoka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Khamala uso wake bila kicheko, na nikaona ni mtu mzima, ana mikunjo kama mimi.

"Umepaka ngapi?"

"Tano."

"Ya nini?"

"Laka."

"Shivachi! Si nilikwambia kidogo?"

Hapo ndipo nilipotapika yote. "Nilidhani unanidanganya."

Sella akashika kichwa. Khamala akapitisha kiganja juu ya uso wa gitaa, taratibu, kama anautafuta ubao uko wapi huko chini.

"Nikudanganye kwa nini?" akasema mwishowe. "Ubao si mmoja? Ukinyamaza huu, si ni kama nusu ya ule wangu imenyamaza?"

Nilichukua klampu yake, nikamrudishia.

Khamala akageuka. "Mama Kageha, hapa iko chupa imevunjika? Ama kipande ya dirisha, yoyote."

Alhamisi, 7 Juni

Tumekwangua kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Msasa hauwezi laka nene, unaziba. Kioo kilichovunjika vizuri kina makali yanayopita kila kisu, kinatoa laka vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Lakini kikilala vibaya kidogo tu kinaingia kwenye mbao laini na kuchimba, na uso wa gitaa unene wake ni kama sarafu mbili zilizopandana.

Kwa hiyo tuligawana. Nyuzi tulitoa. Mimi nina mkono mwembamba, unapita kwenye tundu hadi kiwikoni. Mkono wa Khamala ni wa mtu wa kubeba magunia, hauingii. Mimi nikaweka vidole ndani, chini ya ubao. Yeye akakwangua juu. Nikihisi mbao imeanza kulegea, nasema "hapo basi," naye anahama.

Kwa muda wa saa nne hivi mkono wangu ulikuwa ndani na wake nje, kati yetu ubao ule ule wa kreti. Mara mbili niliwaza: akisukuma sasa, anapita, na tarehe kumi amebaki peke yake. Nilimtazama usoni nione kama naye anawaza hivyo. Alikuwa amebana ulimi kwenye pembe ya mdomo kama mtoto anayeandika jina lake. Nikaona aibu, na aibu haikuondoa wivu, ilikaa tu kando yake.

Adhuhuri akagonga. "Nduu," likasema. Si kama zamani, lakini lilisema.

"Imerudi!" Khamala akapiga kelele, na Sella akapiga kigelegele jikoni, na mimi nikaenda nje nikajifanya natazama mvua.

Ijumaa, 8 Juni

Tumeweka jiko la makaa kwenye pembe, mlango wazi upande usio na mvua, tukangoja hewa ikauke hadi kuta zikaacha kutoa jasho. Ndipo tukapaka. Polishi ya Mgoa, kidogo. Nusu saa mimi, nusu saa yeye.

Nilipozungusha mimi, uso ulipata mng'ao. Alipozungusha yeye, ulipata kina. Sijui namna nyingine ya kulisema. Kibonge kwake hakina mwanzo wala mwisho, kinaingia juu ya mbao kikiwa tayari kinatembea na kinatoka hivyo hivyo. Nilisimama nyuma yake nikitazama, na nikagundua kwamba viatu vyangu vimesimama pale pale ambapo vya Mgoa vingesimama.

Siku ile ya kioo na kitana nilimwonea wivu wa gitaa. Leo nimemwonea wivu wa mkono, na huu ni mbaya zaidi, kwa maana gitaa lingeweza kuibiwa.

Jumamosi, 9 Juni

Mkono wa mwisho nilitaka kupaka mwenyewe. Nilisimama, kidogo tu, moshi wa makaa uliniingia machoni. Kovu likabaki, chini ya tundu. Khamala alichukua kibonge kutoka mkononi mwangu, akafuta pale, akarudia uso mzima kuanzia mwanzo. Hakuna ukungu, hakuna kovu. Polishi yote iliyoko pale sasa ni yake.

"Sasa wacha," akasema, akanawa mikono, akakataa kula, akaenda zake Kianda mvuani.

Jumapili, 10 Juni

Nderitu alifika saa tisa. Uani walikuwa wamejaa. Wamucii alileta kiti chake mwenyewe. Khamala alikaa kwenye jiwe la kufulia, gitaa lake magotini, akampa.

Nderitu akapiga. Lilikuwa zuri, sauti kubwa, wazi. Watu wakapiga makofi.

Halafu akachukua langu. Alipiga uzi mmoja, akausubiri unyamaze, na haukunyamaza. Akatazama watu. Akapiga ule wimbo wake wa harusi polepole kuliko anavyoupiga baa, na hakuna aliyepiga makofi hadi alipomaliza, na hata hapo walichelewa.

"Hii," akasema. "Naenda na hii."

Sella alinishika bega. Nilikuwa nimeshinda. Nderitu akaliinamisha gitaa kwenye mwanga, akapitisha kidole juu yake.

"Shivachi, hii polishi ni nani amepaka? Hii mkono si ya kawaida. Hata ile ya zamani haikuwa hivi."

Nikasema, "Mimi."

Lilitoka peke yake. Hapana, nisijidanganye hata humu: nililitoa. Lilikuwa tayari mdomoni, limekaa hapo tangu siku za Mgoa.

Khamala alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Akainua uso, akanitazama, akarudi kwenye kamba. Alipomaliza alisimama, akanipa mkono. "Hongera, fundi," akasema, akacheka kama kawaida yake. Labda ni mimi peke yangu niliyesikia kwamba kicheko kilikuwa kifupi.

Jumatatu, 11 Juni

Manyunyu.

Jumatano, 13 Juni

Sella ameniwekea ugali mezani na kusema, "Karibu, fundi wa polishi." Tangu Jumapili hayo ndiyo maneno yake yote.

Jumapili, 17 Juni

Wamekuja watu wawili kutoka Kongo, mtaa wa hapa hapa Kawangware, kuuliza ni hapa kwa fundi wa mkono usio wa kawaida. Nimewaambia warudi wiki ijayo. Mikono yangu nimeiweka mfukoni walipokuwa wananitazama.

Jumapili, 24 Juni

Khamala amekuja. Nilimwona kutoka dirishani na gunia lake la sukari, nikataka kutokea nyuma, ila nyumba yangu haina nyuma.

Hakusema lolote la tarehe kumi. Alisema gitaa lake amewapa kwaya ya kanisa lao Kianda, na kijiti kimoja kinachoshikilia uso kwa ndani kimeachia gundi. "Nisaidie, ndugu yangu. Unajua mkono wangu hauingii."

Nikamwambia aniachie. Akaniachia. Sella alimpa chai, akamzungumzisha habari za watoto, akamsindikiza hadi njia panda. Mimi nilibaki na lile gitaa mezani. Mng'ao wake haukuniuma tena. Nilijiona humo, nikageuka.

Jumatatu, 25 Juni

Jua! Limetoka tangu asubuhi, kweli kweli, matope yanapasuka njiani.

Nimelipeleka gitaa la Khamala mlangoni ili nione ndani. Jua liliingia kwenye tundu likaangaza mgongo wa ndani. Kulikuwa na maandishi pale, ya penseli, herufi kubwa za mtu anayebana ulimi akiandika. Yamekaa moja kwa moja chini ya tundu, mahali ambapo mtu yeyote akichungulia mara moja anayaona. Aliyaandika kabla hajagundisha uso, kwa hiyo yalikuwapo tangu Januari. Yalikuwapo siku ile ya kitana. Yalikuwapo ukutani Kianda wakati nakunywa chai yake na kuhesabu patasi zake.

UBAO WA GITA HII UMEPASULIWA NA SHIVACHI WA KAWANGWARE. KAMA SI MKONO WAKE HAKUNA GITA. MIMI KHAMALA NIMEUNGANISHA TU.

Nilikaa kizingitini. Sella akaja, akaniona, akachukua gitaa akachungulia, akasoma. Hakuniita fundi wa polishi. Aliketi karibu yangu tu, bega kwa bega, tukitazama matope yakikauka.

Miezi mitatu nimemwonea mtu roho ya kwa nini, na jina langu liko ndani ya kitu chake.

Kijiti nimekigundisha. Kimeshika.

Jumatano, 27 Juni

Nimekwenda kwa Nderitu. Anaingia studio keshokutwa. Sella aliniuliza nitamwambia nini.

"Nitamwambia kijiti kimoja kinataka gundi."

"Uongo tena, Baba Kageha?"

"Wa mwisho."

Nderitu akanipa gitaa bila maswali, akarudi kuzungumza na wageni wake chumba cha ndani. Nikalegeza nyuzi, nikapitisha mkono kwenye tundu na penseli fupi. Karatasi yenye jina langu iko pale, nimeibandika tangu mwaka jana. Chini yake nikaanza kuandika kwa herufi ndogo sana, halafu nikasimama, nikazifuta kwa kidole kilicholowa mate. Nikaandika kubwa, kuliko jina langu: POLISHI YA GITAA HILI NI MKONO WA KHAMALA WA KIANDA.

Nikakaza nyuzi, nikampelekea.

"Gundi imeshika?"

"Imeshika."

Akapiga uzi mmoja, akafurahi, akaliweka juu ya kabati. Hakuchungulia. Watu hawachungulii, mimi najua kuliko mtu yeyote. Maandishi yale yangeweza kukaa humo hadi gitaa life, nami nikaitwa fundi wa mkono usio wa kawaida hadi nife, na ningekuwa nimeandika ukweli, hakuna wa kunilaumu.

Nilimuaga. Nilivuka kizingiti. Nilifika hadi kwenye mfereji, pale kina mama wanapochota maji, nikasimama na viatu vyangu kwenye matope makavu. Kisha nikarudi. Wageni wote wakanitazama.

"Nderitu," nikasema, "lete hilo gitaa hapa kwenye mwanga. Chungulia ndani."